Jina Lililofutwa Ukutani Cheptiret

Chebet na Wanjala, kamati ya bustani iliniomba niwaandikie maelekezo ya kazi kwenye karatasi moja. Karatasi moja inatosha kwa mambo ya reki na ua. Hayo mengine yalinichukua miaka kumi na sita kuyajua, kwa hivyo nimenunua daftari.

Nilifika Cheptiret nikitoka upande wa Bungoma kutafuta kibarua cha kupalilia mahindi. Palizi ilipoisha, mama mmoja niliyekuwa nikisali naye aliniambia kuna bustani ya ukumbusho kando ya barabara kuu, na wanatafuta mtu wa kukata nyasi. Habari ya ajali ile niliijua, kama kila mtu. Kwaya ilikodi basi kwenda kuimba Nakuru. Asubuhi ilikuwa na ukungu, na lori bovu lilikuwa limeachwa barabarani bila hata tawi la mti la kuwaonya wenye magari. Watu thelathini na wanane walikufa. Familia kumi na moja zisizokuwa na shamba zilizika watu wao pale pale, kwenye kipande cha ardhi alichokitoa mkulima mmoja. Wengine walizikwa makwao. Majina yote yakachongwa ukutani.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na panga langu mwenyewe, nimelinoa vizuri ili nionekane mtu wa kazi. Aliyenipokea ni Mzee Chumo. Yeye ndiye fundi aliyechonga yale majina, na kazi ya kuchonga ilipokwisha hakuondoka. Alikuwa mtunzaji wa kwanza wa bustani. Aliliangalia panga langu, akaniangalia na mimi.

"Unajua kusoma?"

"Najua, Mzee."

"Basi weka hiyo kitu chini usome ukuta."

Nilidhani ananipima kama nilimaliza shule. Nilisoma majina thelathini na manane kwa sauti, yeye akinirekebisha namna ya kuyatamka, hasa yale ya Kikalenjin ambayo ulimi wangu ulikuwa ukiyakunja vibaya. Nilipomaliza aliniambia nirudie. Mara ya tatu ndipo aliponipa ndoo na brashi.

"Hauwezi kuosha mtu uso kama haujui jina yake," alisema.

Sasa maneno ya brashi, na haya myashike. Ni brashi ya nywele laini tu. Ukuta ule unaota ukungu wa kijani kila mvua zinapoanza, na mtu mwenye haraka huchukua brashi ya waya. Brashi ya waya husafisha vizuri sana: husafisha ukungu, na baada ya miaka mitano husafisha majina pia. Maji safi, sabuni kidogo ya kipande, subira. Osheni kutoka chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye jiwe kavu. Kuna mhisani mmoja aliyetuletea dawa ya kung'arisha vigae vya choo. Tulimshukuru, tukaipeleka chooni.

Nilipokuwa nikiosha ukuta siku ile ya kwanza, kidole changu kiliteleza na kuingia kwenye shimo. Mnalijua: safu ya tatu, jina la tano kutoka juu. Hapo jiwe limebonyea kiasi cha unene wa kidole, na ndani ya ule mbonyeo limechongwa jina la Jepkorir. Nilimuuliza Mzee Chumo kwa nini. Aliendelea kusuuza ndoo kwa muda mrefu kuliko ndoo ilivyohitaji.

Siku iliyofuata alinieleza. Kamati ilimpa orodha ya wasafiri, ile aliyoandika mwalimu wa kwaya, naye akachonga kama alivyoandikiwa. Siku ya kufungua ukuta, msichana mmoja anayeitwa Lilian alisimama mbele ya jiwe akasoma jina lake mwenyewe. Asubuhi ya safari Lilian alikuwa ameshikwa na malaria. Binti wa shangazi yake, Jepkorir, alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka Kiplombe, naye alikuwa na sauti nzuri. Alivaa sare ya Lilian, pamoja na sweta yake, akapanda basi mahali pake. Nyumbani walijua nani amekufa, na Jepkorir alizikwa kwao Kiplombe kwa jina lake. Ila orodha haikurekebishwa na mtu yeyote.

"Alisema nini, huyo Lilian?" nilimuuliza.

"Hakusema. Aliweka mkono kwa jina akaenda nyumbani. Usiku sikulala. Kesho yake nikachukua patasi." Kisha akaniambia, "Mtu akikuuliza, sema jiwe ilikuwa na kasoro. Huyo mtoto amebeba ya kutosha."

Niliona ni jambo la heshima. Nikaahidi.

Mzee Chumo alifanya kazi na mimi miaka minne, kisha magoti yakamkatalia. Alinifundisha kunoa mkasi wa ua, kumtambua mfiwa kabla hajafika getini kwa namna anavyopunguza mwendo, na kutomfuata nyuma. Alinifundisha pia kwamba wageni wengi hawana lolote gumu: wanataka kujua choo kiko wapi. Waonyesheni choo kwa heshima ileile. Mtu akishamaliza shida hiyo ndipo moyo wake unapopata nafasi ya kusikitika.

Walikuwepo na wengine. Tangu mwanzo walikuja watu wenye habari zao. Kuna waliosema mwenye basi alitoa kafara. Kuna waliosema basi halikuwa na watu, na masanduku yalizikwa na mawe ndani. Mama mmoja alinieleza hayo akiwa amekalia kaburi, anakula ndizi. Nilimwomba asimame, kisha nikamsikiliza hadi mwisho. Hilo ndilo nililojifunza mwenyewe, Mzee Chumo hakunifundisha: msibishane na mtu akiwa kando ya kaburi. Mleteni getini kwanza. Getini kuna benchi, na mtu akikaa sauti hushuka. Halafu muulizeni swali moja, "Hapa unamjua nani?" Karibu wote hawamjui mtu. Ukimpeleka mtu kama huyo ukutani, ukamsomea jina moja na kumweleza kwamba huyu alikuwa akiuza mitumba na aliimba besi, habari ya mawe kwenye masanduku huanza kumtia haya. Nimeona ikifanya kazi mara nyingi. Sijisifu, nawaambia tu kwamba inafanya kazi.

Haikufanya kazi kwa Mwalimu Kefa.

Kefa alikuwa akifundisha hesabu kwenye chuo kidogo upande wa Kesses. Alikuja mara ya kwanza akiwa na koti safi na adabu zote, akanisalimia, akaandika jina lake kwenye daftari la wageni kwa mwandiko mzuri. Hakupiga kelele. Alihesabu. Majina thelathini na manane, makaburi kumi na moja. Nilimweleza kwamba wengine walizikwa makwao, naye akaandika. Kisha akapitisha mkono ukutani, kama nilivyofanya mimi, na kidole kikaingia kwenye ule mbonyeo.

"Na hapa, Mama?"

"Jiwe lilikuwa na kasoro," nilisema.

Aliniangalia machoni. Mimi nikaangalia ua.

Sikujua kwamba simu iliyokuwa kwenye mfuko wa koti lake ilikuwa inarekodi. Sikujua pia kwamba wiki hiyohiyo alimpigia mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti, naye akitaka kumlinda Lilian kwa njia yake, akamjibu kwamba fundi alikosea herufi moja. Baada ya mwezi nikaonyeshwa video. Sauti yangu ikisema kasoro, sauti ya mwenyekiti ikisema herufi, na katikati Kefa akiuliza kwa upole, "Wazee wetu wawili, majibu mawili. Ni nani aliyefutwa?"

Watu walimiminika. Wengine walikuja na tochi mchana kuangalia lile jiwe. Mmoja alilikwaruza kwa msumari, na alama hiyo bado ipo, chini ya herufi ya mwisho. Waliwapigia wafiwa simu kuwauliza kama kweli walikuwa na watoto. Baba mmoja aliniletea vyeti vya shule vya mwanawe kwenye bahasha ili niviweke ofisini, eti visaidie. Nilivipokea kwa mikono miwili, na siku hiyo ndipo nilipoona kosa langu. Miaka yote nilikuwa nikijivunia kwamba najua kuwatuliza waongo. Uongo waliokuwa wameushika mkononi, ule mmoja wenye uzito, niliwapa mimi.

Kamati ilikaa. Wengine walitaka ukuta ufunikwe. Wengine walitaka jiwe jipya lisilo na mbonyeo. Niliomba kusema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusimama kwenye mkutano wao.

"Mkibadilisha jiwe mtakuwa mmefuta mara ya pili," niliwaambia. "Tuseme ukweli. Lakini ukweli wenyewe si wetu, ni wa Lilian. Nipeni ruhusa nimuulize."

Lilian nilimpata Kesses, kwenye duka lake la kutoa nakala karibu na vyumba vya wanafunzi. Alikuwa mwanamke mzima sasa, na alinitambua ingawa sikumbuki kumwona akiingia bustanini hata siku moja. Alisubiri mteja aondoke.

"Nimeiona hiyo video," alisema. "Wanafunzi huja hapa kuprinti, wanaongea hiyo stori mbele yangu."

Nilimwambia nilichokuja kuomba. Alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mama, unajua tangu hiyo siku sijaongea na anti yangu? Akiniona ataona sweta. Alikuwa amevaa sweta yangu. Nimeacha hata kwenda harusi za nyumbani kwa sababu atakuwa huko."

"Alikukataza?"

"Hajanikataza. Ni mimi sina uso." Akavuta pumzi. "Niache kwanza. Usiseme."

Nilimwambia sitasema, na nilimaanisha. Ila nilimwambia pia kwamba sitadanganya tena. Akiniuliza mtu, nitasema jina lilibadilishwa, na nitaishia hapo. Nilirudi Cheptiret nikijua siku ya kumbukumbu iko karibu, na Kefa alikuwa ameshatangaza kwamba atakuja.

Alikuja na watu kama kumi na wawili, wengi vijana, simu juu. Familia zilikuwa zimekaa kwenye viti, padri amemaliza sala, na kwaya ilikuwa inajiandaa. Nilivaa koti langu la kazi. Chebet, ulikuwa hujaajiriwa bado, lakini Wanjala ulikuwepo kama mgeni na uliona.

Nilianza na yaliyo rahisi. Niliwaambia wavue kofia, wakavua. Niliwaambia wasikanyage makaburi, wapite kwenye njia ya kokoto, wakapita. Mnaona, watu wengi huja na vita lakini hawajajiandaa kukataa kuambiwa wavue kofia. Kijana mmoja alikuwa amekalia kaburi la mwalimu wa kwaya. Nilimwambia jina la mwenye kaburi na umri wake. Alisimama akapangusa jiwe kwa mkono wa shati.

Kefa alikuwa tayari ukutani, kiganja kwenye safu ya tatu.

"Mama Nekesa," alisema, kwa sauti ya darasani, "uliniambia hapa kuna kasoro ya jiwe. Unasimama na hilo jibu?"

Viti vyote viligeuka. Mama Jepkorir alikuwa mstari wa mbele, mzee, mkongojo magotini.

"Sisimami nalo," nilisema. "Nilikudanganya, Mwalimu. Nakuomba msamaha, wewe na hawa wote. Jiwe halikuwa na kasoro. Palikuwa na jina lingine, likatolewa. Sababu naijua, lakini si mali yangu, siwezi kuitoa."

Simu zikanisogelea. Mmoja wao akasema, "Si tuliwaambia?" Kefa mwenyewe hakufurahi kama nilivyodhani. Alionekana kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa.

"Jina la nani?" aliuliza.

"Langu."

Lilian alikuwa amesimama nyuma ya viti, karibu na geti, na mkoba wa duka bado begani. Alitembea kwenye njia ya kokoto taratibu hadi ukutani. Alitoa kitambulisho chake akampa Kefa.

"Soma."

Kefa alikisoma kimyakimya.

"Soma kwa sauti, Mwalimu. Si unapenda watu wasikie?"

Akasoma. Lilian akaeleza, kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi hapa: orodha, malaria, sare, fundi. Alipofika kwenye sweta sauti ilikatika, na hakuimalizia sentensi. Magari yalikuwa yakipita barabarani kama kawaida.

Ndipo Mama Jepkorir aliponyanyuka. Nilikwenda kumshika mkono, akaukataa. Alimwendea Lilian na mkongojo wake, akasimama karibu naye.

"Ni nani alikuambia nilikulaumu?"

"Hakuna mtu, Anti."

"Miaka kumi na saba nimekuwa nikiuliza watu, huyu mtoto nilimkosea nini. Nikasema labda ni vile nililia sana kwa matanga, nikamtisha." Aliushika mkono wa Lilian akauweka kwenye lile jina. "Yeye ndiye aliomba kuenda. Ulikuwa na homa, haukuwa unajua hata siku ni gani. Alinipigia kwa simu ya jirani akaniambia, Mama, leo nitaimba. Alikuwa anacheka. Sasa wewe umenikosesha mtoto wa pili."

Walilia pale, na sisi tuliacha walie. Nilipowaangalia wenye simu, nyingi zilikuwa zimeshushwa. Mbili hazikushushwa. Niliwaendea wale wawili nikawaambia, "Hiyo si ya kupeleka popote," na mmoja akaizima. Mwingine aliondoka nayo. Siwezi kuwadanganya kwamba niliwashinda wote.

Kefa alirudisha kitambulisho kwa mikono miwili. Aliniambia, "Bado nina maswali kuhusu lile lori."

"Hata sisi," nilisema. "Nani aliliacha pale na kwa nini hakuweka alama, hatujawahi kujibiwa. Kama unataka kuuliza hilo, keti na hawa wazazi uulize pamoja nao."

Aliketi. Alisikiliza kwaya hadi mwisho, koti limefungwa vifungo vyote. Jioni hiyo aliondoa video yake ya kwanza, akaweka nyingine ya dakika mbili, yeye peke yake akisema alikosea kuhusu jina, na kwamba aliwasumbua watu kwenye msiba wao. Jina la Lilian hakulitaja.

Wiki tatu baadaye Kefa alinipigia.

"Mama Nekesa, wale vijana wangu wamenigeukia. Wanasema nimepewa ploti Kiplombe ninyamaze."

"Umepewa?"

"Mama, mimi bado napanga chumba kimoja."

Sikucheka, ingawa nilitaka. Nilimwambia asiwajibu kwenye simu. Awaambie waje bustanini, mchana, kama mtu yeyote.

"Na wakikataa?"

"Basi hawakuwa wanatafuta jibu, Mwalimu. Waache."

Wawili walikuja. Chebet, ulikuwa na mwezi mmoja kazini, na ni wewe uliyewafungulia. Mimi nilikuwa nyuma ya stoo nikisuuza brashi, wala hukujua nasikia. Mmoja alikuuliza kwa ukali kama ni kweli kuna jina lilifutwa pale ukutani. Niliacha kusuuza. Nilijua jinsi jibu rahisi linavyokuja mdomoni lenyewe, hasa ukiwa mgeni na mtu amekukazia macho.

"Ndiyo, lilifutwa," ulisema. "Vueni kofia, mje niwaonyeshe."

Jioni ile niliandika barua ya kustaafu.